Tope Linaenda Wapi? Hotuba ya Moshi kuhusu kufukua maziwa na mabwawa

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Moshi kwenye mkutano wa watumia maji na wakazi. Naiweka yote kwa sababu wengi mlikuwa shamba au kazini mkaniomba. Picha za ukutani nimeziacha, maneno ni yale yale.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Vijana, mambo vipi? Shimbonyi kwa nyie wa mlimani mlioshuka asubuhi hii na utelezi wote ule, na nyie wa Kahe, Mabogini na Chekereni mlioacha mpunga shambani mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki kusikiliza habari za matope, Mungu awabariki sana.

Naanza na swali, na naomba kila mmoja alishike mpaka tunaondoka humu ndani. Tope linaenda wapi?

Sijauliza litatolewa na mashine gani wala kwa bei gani, hayo tutayafikia. Nauliza likishatoka kwenye maji linaenda kulala wapi, kwa nani, na nani alikubali? Maana siku hizi kila kona mazungumzo ni hayo hayo, bwawa limejaa, pale zamani watoto walikuwa wanakatazwa kuogelea kwa sababu ya kina leo ng'ombe anasimama katikati maji hayamfiki tumboni, na kila mtu anasema leteni mashine wafukue. Na mimi nasema leteni. Nimefanya kazi za maji muda mrefu, napenda kuona bwawa linapumua tena, hakuna anayetaka hiyo mashine kuliko mimi. Lakini nimeona pia mashine ikija, ikinguruma, watu wakapiga makofi, na baada ya masika moja tukawa pale pale tulipoanzia.

Ngoja niwaambie. Kuna bwawa moja huku tambarare, jina naliacha maana sijaja hapa kumshtaki mtu. Kiangazi kijiko, ile mashine ya kuchimba, kikaja, kikachota tope siku nyingi tu, kazi nzuri kwa macho. Tope lenyewe wakalimwaga ukingoni, yaani ungeweza kusimama juu ya tuta ukatupa jiwe likaangukia kwenye maji bila kutumia nguvu. Likakauka, likapasuka, watoto wakapanda juu wakacheza. Kijiko kikapakiwa kwenye lori kikaondoka. Halafu masika ikaingia. Nilifika pale mvua zikiwa bado changa na lile tuta lilikuwa limechanika vifereji vya upana wa kiganja kuanzia juu mpaka chini, kila kifereji kinashusha maji mekundu mazito moja kwa moja bwawani, na mzee mmoja mfugaji amesimama na fimbo yake anaangalia, akaniambia mwanangu, hawa walilitoa au walilipandisha tu lipumzike?

Mnaona hilo swali la mzee? Walilitoa au walilipandisha lipumzike?

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, mita 60 jamani, na hata kama isingekuwepo sheria, akili ya kawaida inakwambia usimwage kitu mahali ambapo mvua ya kwanza itakirudisha. Kwa hiyo tukisikia mradi unakuja, kabla ya kuuliza habari za ajira na tenda, sisi tunauliza tuonyesheni eneo. Tupelekeni tukalione kwa macho. Nani mwenye ardhi, mteremko unaelekea wapi, visima vya jirani viko umbali gani, njia ya malori inapita shule gani.

Na msidhani hili swali ni la leo. Huko China kuna mji unaitwa Hangzhou, una ziwa katikati, Ziwa la Magharibi, maarufu sana. Zaidi ya miaka 900 iliyopita lile ziwa lilikuwa linakufa, magugu na tope vimekula sehemu kubwa, na mkuu wa mji akawa mtu anaitwa Su Shi, wengine wanamwita Su Dongpo, mshairi huyu, mtu wa kalamu. Akamwandikia mfalme kuomba ruhusa na fedha, na mwaka 1090 wakaingia maelfu ya vibarua kung'oa magugu na kufukua tope. Sasa fikirini, hakuna tipa, hakuna kijiko, tope lote lile linaenda wapi? Jibu lake likawa kuliweka humo humo ziwani lakini kwa mpango, wakalipanga kuwa tuta refu la kuvuka kutoka upande mmoja wa ziwa mpaka mwingine, karibu kilomita 2.8, wakajenga madaraja sita ili maji yaendelee kupita chini yake, na wakapanda miti pembeni ili mizizi ishike udongo. Likawa barabara. Watu waliokuwa wanalizunguka ziwa lote wakawa wanakatiza katikati. Na hilo tuta lipo mpaka leo, watalii wanatembea juu ya tope la mwaka 1090.

Kwa nini nawasimulia? Kwa sababu ile kazi ilikuwa na pa kuweka tope, na pa kuweka pakawa na faida kwa mtu wa kawaida, na ndo maana tope halikurudi ndani ya maji baada ya mvua moja. Kipande cha pili cha kazi kilifikiriwa pamoja na cha kwanza.

Haya. Twende kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndo zito kuliko yote na ndo linasahaulika kuliko yote. Maji ya tope. Narudia, maji ya tope.

Ziwa unalifukua kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza unachota, kijiko kinasimama ukingoni au juu ya pontuni, yaani jukwaa linaloelea, kinachota tope zito linaingia kwenye tipa au tishari. Ya pili unanyonya, kuna mashine inaelea, ina mkono mrefu unashuka mpaka chini, mwishoni mwa mkono kuna kichwa chenye meno kinazunguka kinakoroga tope, pampu inanyonya na kusukuma kwenye bomba, na bomba linaweza kwenda kilomita nyingi tu ukiweka pampu za kusaidia njiani. Mjini watu wanaipenda hii ya kunyonya kwa sababu hakuna misururu ya malori wala tope kudondoka barabarani. Ni nzuri kweli. Lakini sikilizeni, pampu hainyonyi tope peke yake, inanyonya maji yenye tope, kwa kawaida kwenye ule mchanganyiko vitu vigumu ni kama asilimia 10 mpaka 20 tu ya uzito. Yote yanayobaki ni maji.

Tupige hesabu pamoja, tuseme bwawa la eka 10 tu, sio kubwa, na tope lina kina cha mita moja. Eka 10 ni kama mita za mraba 40,000, kwa hiyo una kyubiki, yaani mita za ujazo, 40,000 za tope. Ukichota kwa tipa la kyubiki 10 hizo ni tripu 4,000, tipa zikipiga tripu 40 kwa siku ni siku 100, nani amefikiria ile barabara ya mtaa itakuwaje baada ya siku 100? Ukinyonya, kila kyubiki ya tope inatoka na maji mengi mpaka mzigo wote unaweza kufika mara nne, mara tano ya ulichokuwa nacho, tuseme kyubiki 200,000 zinatoka kwenye mdomo wa bomba. Zinaingia wapi? Kama kuna shimo tu limechimbwa haraka haraka, litafurika wiki ya kwanza, na likifurika linafurikia kwa jirani wa chini. Sio kwa mwenye mradi. Kwa jirani wa chini.

Ndo maana wenzetu wanajenga mabwawa ya kutulizia, yenye kingo za udongo ulioshindiliwa, tena zaidi ya moja, la kwanza linapokea mzigo, mchanga unadondoka karibu na bomba, tope laini linasogea mbali, na mwisho kabisa kuna mlango wa maji wenye mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine, tope likipanda chini wewe unaongeza ubao juu, ili yatoke maji ya juu tu yaliyotulia na sio ya chini. Ubao! Kitu cha bei ya chini kabisa kwenye mradi mzima, lakini yule kijana anayekaa pale mlangoni na kuangalia rangi ya maji, huyo ndo anayelinda mto. Akilala, au akiambiwa na bosi toa mbao tuwahi, mpunga wa Chekereni unakunywa tope. Mtu wa kwanza nitakayemwomba mradi umlipe vizuri na kwa wakati ni huyo kijana wa mbao.

Na maji yale hata yakionekana meupe yanaweza kuwa na shida. Hapa nawapeleka Sweden, mji unaitwa Växjö, uko kusini mwa nchi hiyo. Wana ziwa linaitwa Trummen, la kama kilomita moja ya mraba. Miaka mingi lilipokea maji taka ya mji na ya kiwanda cha kitani, mpaka likaoza, kijani tupu, samaki wanakufa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakayazuia yale maji taka, wakafunga bomba, wakasubiri ziwa lipone. Halikupona. Wakasubiri miaka, halikupona. Kwa nini? Kwa sababu uchafu wote wa zamani, hasa fosforasi, ulikuwa umelala kwenye tope la juu pale chini, na kila kiangazi tope linauachia tena kwenye maji, mwani unakula unashiba. Yaani ugonjwa umeshaingia kitandani, kumfukuza mgeni mlangoni hakusaidii kitu.

Basi mwaka 1970 na 1971 wakanyonya lile tope la juu, karibu mita moja kwa jumla. Lakini angalieni walivyoyafanya maji ya tope. Hawakuyarudisha ziwani hivi hivi. Waliyatuliza kwanza, halafu wakayatia dawa ya aluminiamu salfeti, hii ni ya ukoo wa shabu ile ile mama zetu walikuwa wanazungusha kwenye ndoo maji ya mto yatulie, ile fosforasi ikashikana ikadondoka chini, ndo maji yakarudi ziwani. Na tope lenyewe lilipokauka likatumika kama udongo wa bustani na nyasi za mjini. Ziwa likafunguka, maji yakaanza kupitisha mwanga, na mpaka leo watu wa maziwa dunia nzima wanafundishwa habari za Trummen.

Sasa fikirini wangeyarudisha yale maji bila dawa. Wangetumia fedha zote zile kuhamisha ugonjwa kutoka kwenye tope kuuweka kwenye maji, kwa mkono wao wenyewe. Kwetu hapa kutiririsha maji ya namna hiyo kwenye mto kunahitaji kibali, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iko wazi, na mwenye kazi hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zake ziko hapa hapa Moshi, huhitaji kupanda basi kwenda Dodoma. Muulizeni mkandarasi, kibali cha maji ya kurudi kiko wapi? Kibali cha kufukua ni kimoja na cha maji ya kurudi ni kingine.

Kabla sijatoka kwenye haya mabwawa ya kutulizia kuna neno la wazazi, na hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo. Bwawa la tope likikaa wiki chache juu linakauka. Linapasuka, linakuwa la kijivu, unaona kabisa hii ni ardhi. Ni kama uji uliopoa, juu umeshika ngozi na ndani ni uji. Mtoto anakimbiza mpira, ngozi inambeba hatua tatu nne, ya tano inachanika anazama mpaka kiunoni, na tope halimwachii, kila akijitikisa linamvuta, na anayeingia kumwokoa naye anazama. Ng'ombe vile vile. Kwa hiyo uzio sio mapambo. Mlinzi sio mapambo. Mradi usio na uzio wa bwawa la tope msiukubali, hata kama wanawaambia uzio utakuja awamu ya pili. Mtoto hasubiri awamu ya pili.

(Mama mmoja alisema hapa kwamba kwao kuna shimo la wachimba mchanga halina uzio mpaka leo. Ndiyo mama, ni ugonjwa ule ule, na tumeandika jina la mtaa.)

Tope lenyewe lina nini ndani? Hili nitaenda nalo kwa mfano. Chukua bomba la plastiki lile la maji, refu, lipige taratibu kwenye tope mpaka ligome, ziba juu, livute. Ukilipasua kwa urefu unaona historia ya mji wenu. Juu kuna tope jeusi laini linanuka yai viza, hilo ni la majani na uchafu wa karibuni. Chini yake unaweza kukuta mstari wa mchanga safi wa unene wa kidole, hiyo ni mvua kubwa ya mwaka fulani ilipita na nguvu. Halafu tope la kahawia la shamba. Halafu chini kabisa udongo mgumu wa asili, pale ndo ilikuwa ardhi kabla ya bwawa. Sasa wewe ukichukua ndoo moja tu ya tope la juu ukapeleka maabara, umepima nini? Umepima mwaka mmoja. Sampuli zinachukuliwa pale mto unapoingilia, katikati, na karibu na ukuta, na kila moja kwa tabaka zake, zisichanganywe.

Na wapime nini? Ziwa la mjini linapokea mji wote. Oili ya gereji inafuata mtaro, betri za magari zina madini ya risasi, mabati na matairi yanaleta zinki, kazi za ngozi zinatumia kromiamu, na vyoo vilivyofurika mnavijua wenyewe. Hivi vitu vinapenda kung'ang'ania kwenye chembe laini za tope, mchanga hauvishiki sana. Kwa hiyo unaweza kukuta mchanga wa mdomoni mwa mto ni safi kabisa, unauzika, unajengea, na tope laini la mita mia mbili mbele halifai hata kupandia mchicha. Likiwa chafu linaenda kwenye dampo lililojengwa kwa kazi hiyo, lenye sakafu isiyovuja. Likiwa safi ni mali. Lakini kipimo ndo kinasema lipi ni lipi, sio jicho, sio pua, wala sio diwani.

Na likiwa safi, jamani, ni mali kweli. Kule Marekani, jimbo la Illinois, kwenye mto wa Illinois pale Peoria kuna maziwa yaliyojaa tope, na tope lenyewe ni udongo wa juu wa mashamba ya mahindi na soya uliosombwa na mvua. Mwaka 2004 wakalichota na kijiko cha mdomo unaofumba, kwa makusudi wasiongeze maji, wakapima, wakalipakia kwenye matishari kwa makumi, yakapandisha mto mpaka Chicago, zaidi ya kilomita 250. Huko kulikuwa na kiwanja cha zamani cha kiwanda cha chuma, ardhi yake ni mabaki ya tanuru matupu, hata nyasi hazioti. Wakamwaga lile tope juu yake. Likakauka, likavunjika vunjika likawa udongo, nyasi zikaota. Mji mmoja una udongo mahali pabaya, mji mwingine hauna udongo kabisa, mto upo katikati, mtu mmoja akakaa akafikiria. Je sisi hatuna mashimo ya moramu yaliyoachwa wazi? Hatuna machimbo ya kokoto yaliyokwisha? Hatuna watu wa bustani na vitalu wanaonunua udongo kwa tipa kila wiki? Tunao. Wanachohitaji ni karatasi ya maabara inayosema hili ni salama.

Hapa kuna jambo dogo la fedha, nalipitia haraka. Msikubali mkandarasi alipwe kwa tripu za lori peke yake. Lori likibeba tope bichi nusu ya mzigo ni maji, na lori likizunguka nyuma likapita tena mezani nani anajua? Pimeni sakafu ya ziwa kabla, pimeni baada, tofauti ndo kazi iliyofanyika. Mwenye kupima awe mtu mwingine, asiwe mkandarasi. Basi.

Nakuja kwa lile ambalo linaniumiza zaidi. Tope jipya linatoka wapi?

Pale pale Illinois kuna mji unaitwa Decatur. Miaka ya 1920 mwanzoni waliziba mto Sangamon wakapata ziwa la kunywesha mji na viwanda. Mto ukaleta udongo wa mashamba, mwaka baada ya mwaka, ziwa likapungua. Kuanzia 2014 wakafanya kazi kubwa kuliko zote, miaka kama mitano mashine inanyonya, zaidi ya kyubiki milioni 8, bomba linapeleka tope nje ya mji kwenye bwawa kubwa la kutulizia lililojengwa kwa kazi hiyo, mkataba wa dola kama milioni 90. Mpango mzuri, pa kulaza tope palikuwepo kabla mashine haijawashwa, hilo nawasifu. Lakini mto ule bado unapita kwenye mashamba yale yale. Unaelewa? Wana fedha, wana mashine, na bado wanajua udongo unaendelea kuja, kwa hiyo wanalazimika kwenda kuongea na wakulima wa juu.

Sasa sisi. Ukisimama daraja la mto Themi pale Arusha wakati wa masika ukaona yale maji mekundu yanavyokwenda kasi, yanaenda wapi? Yanaingia Kikuletwa. Na Weruweru yetu hapa inaingia wapi? (Watu: Kikuletwa!) Kikuletwa. Na Kikuletwa na Ruvu vinakutana wapi? (Watu: Nyumba ya Mungu!) Nyumba ya Mungu. Bwawa la miaka ya 1960, lina mtambo wa umeme wa megawati 8, lina wavuvi, lina wafugaji wa Simanjiro na Mwanga, na kila gunia la udongo linalotoka kwenye shamba la mteremko kule juu au kwenye kiwanja kilichosafishwa na katapila mtaani kwenu, mwisho wa safari yake ni kule. Mtaro wa Arusha na bwawa la Nyumba ya Mungu ni maji yale yale. Na Nyumba ya Mungu huwezi kuifukua kwa kijiko, ndugu zangu. Mabwawa madogo ya juu tukiyatunza yanaikamatia tope njiani, tukiyaacha yakajaa yanapitisha kila kitu.

Na hii kazi sisi tuliijua. Nani hapa hajasikia habari za kusafisha mfongo, ule mfereji wa asili wa maji? Wachaga mifongo ya mlimani ilikuwa na siku zake za kusafishwa, mwenye mfongo anapiga mbiu, kila nyumba inatoa mtu na jembe, usipotoa mtu unalipa faini, pombe au mbuzi kutegemea kosa. Wapare na ndiva zao, yale mabwawa madogo yanayojaa usiku na kufunguliwa mchana, tope lake linatolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na lilikuwa halimwagwi ovyo, jirani mwenye shamba la chini analitaka. Hatukuwa na maabara, lakini kila mtu alijua tope limetoka wapi na linaenda kwa nani. Leo bwawa ni la mradi, mfereji ni wa halmashauri, tope ni la mkandarasi, na sisi ni watazamaji. Mimi sikubali. Bwawa ni letu na tope lake ni letu pia, pamoja na yule mfugaji wa chini ambaye hayupo humu ndani leo.

Kwa hiyo tuanze na tunachoweza bila kusubiri mtu. Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunakutana bwawani, mzee wetu wa jumuiya atawaelekeza njia. Tunapima tope wenyewe. Kijana mmoja alete mti mnyoofu wa mita nne, autie alama za rangi kila sentimita 10, chini yake tunapigilia sahani ya bati, huo ukigusa unasimama juu ya tope. Mwingine alete nondo ya milimita 12 iliyonyooka, hiyo tunaisukuma ipite kwenye tope mpaka igonge ardhi ngumu. Tofauti ya hizo mbili ni unene wa tope pale uliposimama. Tunapima tukiwa kwenye mtumbwi, hakuna kuingia majini kwa miguu, na kila mtu na boya lake, kama boya hakuna basi dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri kwa kamba. Kamba tunaifunga kutoka ukingo mpaka ukingo ina fundo kila mita 10, kila fundo tunapima, mama Sekretari anaandika. Watoto wabaki nyumbani. Mwenye gambuti aje nazo, mwenye daftari la mistari mikubwa alilete, na mwenye tipa anayejua machimbo ya moramu yaliyoachwa upande wa kwao aje kutuambia yako wapi na nani mwenye nayo, tuanze kuandika majina ya maeneo kabla mashine haijafika.